Bangili Iliyolala Kushoto

Iokepa Kahananui alipanda meli Honolulu, Jumamosi mchana, na mizigo mitatu: gunia safi lenye mizingo minne ya majani ya mkadi, sanduku la mbao la mkewe, na stuli yake fupi ya miguu mitatu. Begi la nguo alilisahau kwenye gari la mpwa wake, lililompeleka kupanda ndege Hilo. Hakurudi kulifuata.

Mlinzi wa mlangoni alimjua.

"Mjomba, leo peke yako?"

"Peke yangu."

Mlinzi akatazama chini. Habari ilikuwa imeshamfikia. "Pole, Mjomba."

"Haya."

Miaka kumi na moja waliupita mlango ule wawili. Emalia mbele, na gauni lake pana la maua na kofia aliyoisuka mwenyewe. Iokepa nyuma, amebeba. Emalia aliwafundisha abiria kusuka bangili za majani ya mkadi katika ukumbi wa ghorofa ya sita, meli ikizunguka visiwa kwa juma zima. Yeye alikaa kwenye kiti. Iokepa alikaa mbele yake kwenye stuli, magoti karibu yagusane, akimpa utepe mmoja mmoja.

Ndivyo walivyogawana kazi tangu waoane. Wapo wanaume wengi wanaosuka, na mafundi hasa. Lakini katika nyumba yao kule Puna, karibu na Hilo, Emalia alikuwa na mikono na Iokepa alikuwa na subira ya miiba. Basi Iokepa alikata majani, akatoa miiba ya kingo na ya mgongo, akafuta, akalainisha, akaviringisha. Emalia akasuka. Miaka arobaini na minne Iokepa hakusuka hata kitu kimoja.

Emalia alifariki Januari. Siku tatu kabla, akiwa kitandani, alimshika mkono.

"Usiwaache wa ofisini wawape abiria yale maplastiki."

"Sitawaacha."

Maneno ya Iokepa yalikuwa machache. Kwa hiyo aliyoyatoa hakuyarudisha.

Maplastiki yenyewe aliyakuta mezani kwa Jolene Medeiros. Jolene ndiye aliyepanga shughuli zote za abiria melini. Alikuwa mtoto wa Hilo. Mama yake aliimba kwaya moja na Emalia. Alimkumbatia Iokepa, akafuta macho, kisha akafunga mlango.

"Mjomba, safari hii nimekupa kwa heshima ya Shangazi. Lakini nakuuliza, unisamehe. Unajua kusuka?"

"Majani nayajua."

"Sijauliza majani."

Iokepa akaitazama mikono yake.

Jolene akatoa kifuko kutoka kwenye boksi chini ya meza. Ndani mlikuwa na tepe za plastiki za rangi ya kahawia na karatasi yenye picha. "Ofisi imeleta hivi. Mtu anamaliza kwa dakika kumi. Wanachotaka ni abiria ashuke na kitu mkononi, basi. Mimi nimewaombea jambo moja. Ijumaa, darasa la mwisho, watu kumi watoke na bangili ya majani. Wakitoka kumi, nafasi ya Shangazi ni yako. Wasipotoka, safari ijayo tunaanza na hivi."

"Kumi."

"Kumi, Mjomba. Sina uwezo wa kupunguza."

"Haya," akasema Iokepa, akachukua gunia lake.

*

Darasa la kwanza lilikuwa Jumapili, meli imetia nanga Kahului. Walikuja watu ishirini. Kiti cha Emalia kilikuwa pale pale. Iokepa akakisogeza pembeni, akakaa kwenye stuli, akampa kila mtu jani zima na miiba yake.

Emalia hakufanya hivyo hata siku moja. Majani yalifika melini yakiwa safi. Lakini Iokepa aliwaza: mtu asiyeijua miiba atalijuaje jani? Na ukweli mwingine ulikuwepo, aliujua moyoni. Miiba ndiyo kazi aliyoiweza.

"Kisu kifuate ukingo," akawaambia. "Usivute. Kifuate."

Wakafuata. Saa nzima ikaisha wakifuata. Bwana mmoja mwenye kofia ya mpira, ile ya wachezaji, alijikata kidole, akafungwa kitambaa.

Pembe ya pili ya ukumbi, Sonny Kekauoha alikuwa akifundisha kupiga ukulele, kigitaa cha nyuzi nne. Sonny alikuwa na tumbo kubwa na mdomo usiofungwa.

"Mjomba!" akaita. "Wangu wameshaimba nyimbo mbili. Wako wanafanya usafi?"

"Wanatoa miiba."

"Ah! Nilidhani wameadhibiwa."

Watu wakacheka, hata wale wa Iokepa. Kisha wakaondoka, kila mmoja na jani lake safi, wakiligeuza geuza kama mtu aliyepewa barua ya lugha asiyoijua.

Mama mmoja alibaki. Mrefu, nywele nyeupe, mkono wa kushoto una bangili. Alikuwa Marjorie Pruitt wa Nebraska, aliyewapikia watoto wa shule miaka thelathini.

"Samahani, Mjomba. Yule mama wa kofia yuko wapi? Alinifundisha miaka minne iliyopita."

Iokepa alikuwa anaitazama bangili. Lile jani alilijua. Lilitoka kwenye mkadi wa nyuma ya tangi la maji, ule wenye majani ya rangi ya kahawa. Tepe zote zililala kulia, zimebanana kama meno. Mkono wa Emalia.

"Hayupo."

"Yuko likizo?"

"Amefariki. Januari."

Marjorie akatafuta pa kukaa, akakaa kwenye kiti cha Emalia. Iokepa alifungua mdomo amwambie asikikalie. Akaufunga.

"Ile ya kwanza niliyosuka mimi nilimpa dada yangu," Marjorie akasema. "Alinikataza kukaa nayo. Alisema kazi ya kwanza haikai na aliyeisuka."

"Inapewa mtu."

"Ndivyo alivyosema. Hii akanipa yeye, nisirudi mkono mtupu." Akaifuta kwa kidole. "Nimesahau jinsi ya kusuka. Ijumaa utanifundisha tena?"

"Njoo."

Alisema njoo, na kusuka hajui. Jolene, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisikia yote mawili: lililosemwa na lisilosemwa.

"Mjomba," akamwambia walipobaki wawili, "watu ishirini, bangili sifuri."

"Nimeona."

"Chukua vifuko. Si aibu. Mtu wa umri wako, na msiba huu."

"Leo Jumapili," akasema Iokepa. "Ulisema Ijumaa."

*

Jumanne meli ilifika Hilo. Abiria wakashuka kwenda kuona mlima wa moto. Mpwa wake Kawehi alikuja gatini na lile begi la nguo, na nyama ya nguruwe iliyopikwa ndani ya majani ya magimbi, bado ya moto.

"Mjomba, shati hilo hilo tangu Jumamosi?"

"Nalifua."

"Shuka basi ukale nyumbani. Ni mwendo mfupi tu."

"Nina kazi."

"Kazi gani, meli tupu?"

"Hiyo hiyo."

Kawehi alimtazama, akamkabidhi begi. Shangazi yake aliwahi kumwambia kwamba kubishana na Iokepa ni kusukuma ng'ombe kwa mkia.

Ukumbi ulikuwa kimya. Iokepa alifungua sanduku la Emalia. Akatoa kijibao chenye sindano, akalikokota jani juu yake mpaka likachanika tepe sawasawa. Akazilowesha ndani ya kitambaa. Kisha akakivuta kiti cha Emalia katikati, akakikalia. Aliwaza kwamba kazi ya Emalia itamjia mahali pa Emalia.

Haikuja. Vidole vilikuwa kama vya mtu mwingine. Utepe ukavuka pasipostahili, akaufumua, ukavuka tena. Akavuta kwa nguvu, ukapasuka. Ukapasuka wa pili, ukapasuka wa tatu. Alipofika wa sita alikuwa anapumua kwa sauti.

Emalia alikuwa na sheria kuhusu hilo pia. Ukiwa na hasira, liache jani. Jani halina kosa.

Iokepa akainuka, akaenda kunawa mikono. Akala nyama yake yote, polepole. Aliporudi, bila kuwaza, akakaa pale makalio yake yalipozoea: kwenye stuli, mbele ya kiti kitupu. Akashika tepe nne.

Akaiona mikono ya Emalia.

Haikuwa ndoto wala mzuka. Ilikuwa kama mtu anayeijua njia ya kwao. Mkono wa Emalia wa upande wa dirisha ulipita juu. Mkono wa Iokepa wa upande wa dirisha ukapita juu. Ule wa upande wa mlango ukaingia chini. Na wake ukaingia chini. Juu, chini, kunja, bana. Miaka arobaini na minne alikuwa amekaa pale akidhani anatoa tepe tu.

Alipotazama, alikuwa amesuka shibiri nzima. Imebana. Haina tundu.

Lakini imelala kushoto.

Akafumua, akaanza upya. Ikalala kushoto. Akafumua tena. Mara ya tatu akaacha, akaelewa. Hakuwahi kumtazama Emalia akiwa nyuma yake. Alimtazama uso kwa uso, kama mtu anavyojitazama kwenye kioo. Kulia kwa Emalia kulikuwa kushoto kwake.

Sonny akaingia anatafuta nyuzi zake za ukulele. Akasimama, akainamisha kichwa upande mmoja, halafu upande wa pili.

"Mjomba, hiyo imelala vibaya. Za Shangazi zilikuwa zinalala kulia."

"Naona."

"Sasa utawafundisha kinyume?"

"Nitawafundisha."

"Kinyume kinyume?"

"Sonny, una kazi?"

"Sasa hivi sina."

"Shika ncha hii."

Sonny akashika ncha, akaishika saa nzima, akaongea yeye tu. Iokepa akasuka, akafumua, akasuka, mpaka vidole vikaacha kuuliza.

*

Ijumaa saa nane mchana meli iliondoka Nawiliwili. Watu kumi na wanne walikuja. Marjorie alikuwa wa kwanza. Wa mwisho alikuwa yule bwana wa kofia ya mpira, kidole bado kimefungwa.

"Wewe si ulijikata?" Iokepa akamuuliza.

"Nimerudi kulipiza kisasi."

Iokepa akamkatia utepe mpana kuliko wengine.

Jolene alisimama mlangoni na boksi la vifuko chini ya kwapa. Hakulificha, wala hakulionyesha.

Zamani, Emalia alikuwa akiwaita watu nyuma yake. "Njooni mtazame juu ya bega langu," alikuwa akisema, na wakawa wanasongamana watatu watatu, wengine wanangoja. Iokepa hakuweza hivyo. Hakuzoea mtu nyuma yake. Maisha yake yote ya majani, mtu alikuwa mbele.

"Kaeni mbele yangu," akasema. "Wote. Karibu. Nitazameni kama mnajitazama kwenye kioo. Mkono wangu wa upande wa dirisha unapita juu. Wako wa upande wa dirisha, nao upite juu."

"Wa kulia au wa kushoto?" akauliza mmoja.

"Wa dirisha."

Wakaanza. Juu, chini, kunja, bana. Iokepa hakuzungumza zaidi ya hayo manne. Mtu akikosea alinyoosha kidole tu, na yeye alifumua kidogo ya kwake ili wote warudi naye.

"Mjomba, unaongea kidogo mno," akasema bwana wa kofia.

"Unasuka kidogo mno."

"Haya, haya. Nimenyamaza."

Nusu saa ilipita. Iokepa hakuwa akitazama zao. Alikuwa akitazama mikono yao. Aliijua aibu iliyokuwa inamngoja, kumi na nne zote zimelala kushoto, na alikwisha kuamua kuibeba. Bora ya kushoto ya majani kuliko ya plastiki.

Marjorie ndiye aliyesimama. Aliweka alichosuka juu ya bangili ya zamani mkononi mwake, akasogea.

"Mjomba. Tazama. Zinafanana."

Iokepa akatazama. Ya zamani ilikuwa ya Emalia, imelala kulia. Mpya ilikuwa imelala kulia. Akatazama ya bwana wa kofia: kulia. Ya mama aliyekaa naye: kulia. Akapita safu nzima kwa macho. Kulia, kulia, kulia. Kisha akatazama iliyokuwa mikononi mwake mwenyewe. Kushoto.

Yeye alimwiga Emalia kwa kioo, ikageuka. Hawa wamemwiga yeye kwa kioo, ikageuka tena. Imerudi kwao.

Akaweka kazi yake magotini. Akafuta pua kwa mgongo wa mkono.

"Nimekosea?" akauliza Marjorie.

"Hapana," akasema Iokepa. "Endelea."

Ndipo kipaza sauti kikalia. Majabali ya Na Pali yanaonekana, abiria wote wanakaribishwa nje. Wanafunzi wa Sonny waliziacha ukulele juu ya viti, wakatoka mbio. Wanne wa Iokepa nao wakainuka, wakaomba radhi, wakaacha tepe zao sakafuni. Wengine wakaanza kutazamana. Watu walikuwa wamelipa kuyaona majabali yale, na yanaonekana mara moja tu.

Jolene akashusha macho. Iokepa hakuwaomba. Akainuka, akaibeba stuli.

"Haya, twende. Majabali hayakatazi mtu kusuka."

Kumi wakamfuata mpaka nje. Upepo uliwakuta mlangoni. Tepe zikaanza kupigana. Iokepa akawaonyesha kuzibana kwa meno. Akaweka stuli karibu na ukingo wa meli, akakaa, akaipa nchi mgongo. Wale kumi wakakaa chini mbele yake, midomo imejaa majani, na juu ya kichwa chake waliyaona majabali yote, kijani na mekundu, na maji yanayoanguka. Yeye hakuyaona. Aliona mikono.

"Juu," akasema. "Chini. Sasa ncha irudi ndani, ijifiche. Bana."

Mama mmoja utepe wake ulipasuka mwishoni kabisa. Alilia kidogo, halafu akacheka, akasema ataubandika kwenye kitabu chake hivyo hivyo. Wengine walimaliza. Iokepa naye akamaliza yake.

Jolene alipita akihesabu mikono. Alirudia kuhesabu. Boksi lilikuwa bado chini ya kwapa.

"Tisa, Mjomba." "Tisa nzuri sana. Lakini ofisi nimewaambia..."

Iokepa aliitazama ya kwake. Tangu Jumanne alikuwa anajua anakoipeleka. Kule Puna, makaburini nyuma ya kanisa, kwenye jiwe jipya. Aliwaza jinsi atakavyoiweka na atakavyosema.

Lakini ilikuwa ya kwanza. Na Emalia hakusema kazi ya kwanza inapewa jiwe.

"Lete mkono," akamwambia Jolene.

"Mimi?"

"Lete."

"Mjomba, mimi si abiria."

"Hukusema abiria. Ulisema watu kumi. Wewe si mtu?"

"Mimi ni wa ofisi!"

"Mtu wa ofisi ni mtu."

"Hilo bado tunalibishania," akasema Sonny kutoka nyuma, na wale tisa wakacheka.

Jolene naye alicheka, bila kutaka. Akatoa mkono. Iokepa akamvisha, akabana ncha. Jolene akaigeuza kwenye mwanga.

"Imelala kushoto."

"Ndiyo. Ni ya kwanza."

Kicheko kikamwisha Jolene. Mama yake alisukia kanisani na kina Emalia. Sheria aliijua tangu utotoni. "Ya kwanza kabisa? Katika maisha yako?"

"Ya kwanza."

"Ulitaka kumpa nani, Mjomba?"

Iokepa aliokota utepe uliokuwa unapeperuka, akauviringisha kwenye kidole, akautia mfukoni. Jolene hakurudia swali. Alichuchumaa, akaliweka boksi la vifuko chini, akalisukuma kwa mkono mpaka likafika chini ya benchi.

"Kumi," akasema. "Kesho ukishuka, pumzika juma moja. Jumamosi inayofuata njoo na mizingo minane. Minne haitoshi."

"Nitaleta kumi."

*

Jumatatu asubuhi Iokepa alikuwa makaburini Puna. Alikuwa amefika na stuli. Aliiweka mbele ya jiwe, magoti karibu yaliguse, akakaa kama alivyokaa siku zote. Alikuwa amesuka ya pili usiku wa Jumapili, na ya pili haina sharti. Mtu huipeleka atakako.

Akaiweka juu ya jiwe, akaisawazisha.

"Imelala kushoto," akamwambia. "Zao zimelala kulia."

Alikaa kidogo. Kisha akachukua stuli na mundu, akarudi nyumbani, kwenye mkadi wa nyuma ya tangi. Mizingo kumi ni majani mengi, na yote yana miiba.